Jahazi Kuukuu Liuzwe? Mjadala wa Maskati

Chombo cha tanga huzeeka kwa njia mbili. Kwanza huzeeka kwa kazi: jua, chumvi, kamba kulika, mbao kubamizwa na mawimbi. Pili huzeeka kwa kukaa. Jahazi la mbao likifungwa miezi mingi bila kumwagiwa maji, mbao zilizo juu ya maji hukauka, kalafati hulegea na kuchomoka, na siku linaposhehenezwa tena likazama kidogo, huvuja kama pakacha. Chombo cha faiba hakikauki, lakini kina maradhi yake: tanga huliwa na jua mpaka likachanika kwa mkono, kamba hukakamaa, na injini isiyowashwa hushika kutu kwa ndani. Maskati, ambako joto la Juni hupita nyuzi 40 bila taabu, uzee wa kukaa huenda mbio kuliko uzee wa kazi. Mjadala wa kuuza chombo kuukuu na kuhamia kingine unaanzia hapo.

Mjadala huo husikika mjini kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pia, kwa kuwa familia nyingi za Maskati zilitoka Unguja, Pemba na Mombasa na lugha ikaja nazo. Hapa umepewa watu watatu wa mfano. Nahodha ni mzee aliyekwisha acha bahari, naye haamini kuwa chombo huuzwa. Kijana, mtoto wa nduguye, ana mashua ya tanga ya faiba, mita 10, imefungwa katika bandari ya mashua ya Bandar al-Rowdha, na anataka kubwa zaidi. Fundi anashika injini na faiba za watu, na upande wake ni ule wa chombo chenyewe.

KIJANA: Masalkheri, ami. Nimeamua. Nauza.

NAHODHA: Masalkheri, mwanangu. Unauza nini?

KIJANA: Mashua, ami. Nimeona nyingine, mita 13, ina nafasi ya watoto.

NAHODHA: Mashua naijua. Nauliza unauza nini. Mwili wake? Jina lake? Au ile miaka kumi uliyojifunzia humo kushika usukani?

Kijana akacheka, lakini swali si la mzaha. Chombo kina mwili, kina jina, na kina kazi kinayoifanya, na vitu hivi vitatu haviuzwi lazima kwa pamoja. Omani yenyewe imewahi kuviachanisha kwa kila namna.

Mfano mkongwe ni wa mwaka 1836. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alimzawadia William IV, mfalme wa Uingereza, manowari yake Liverpool, ya mizinga 74, iliyoundwa Bombay mwaka 1826. Waingereza wakaibadili jina, wakaiita Imaum. Seyyid akapewa Prince Regent, chombo cha starehe cha wafalme wao. Ulikuwa ubadilishanaji wa vyombo, ingawa kila upande uliuita zawadi.

NAHODHA: Manowari ya mizinga 74 kwa mashua ya kutembelea! Na mwisho wake wapi? Jamaica, imefungwa kwenye maji ya Port Royal, haisafiri tena. Mwenyewe angeiweka, ingekufia kwao.

KIJANA: Ingemfilisi kwanza, ami. Mizinga 74 inataka mabaharia mia kadhaa, na kila siku wanakula. Seyyid alikuwa keshageuza uso Unguja na karafuu. Alihitaji vyombo vya kubeba mzigo.

Hapa Kijana ana haki zaidi. Chombo kilichomfaa Seyyid kwa miaka iliyofuata kilikuwa cha namna ya Sultana, kilichofika New York tarehe 30 Aprili 1840 na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, kikiwa na tende, kahawa, pembe za ndovu, karafuu na ngozi. Meli ya kivita ya safu ya mbele ni jambo la fahari, ila mwenye biashara ya pwani mbili hulipia fahari hiyo kila mwezi. Fundi, kwa upande wake, aliikumbuka Sultana kwa sababu nyingine.

FUNDI: Ile ilifika New York hoi, milingoti na kamba taabani. Wamarekani wakaiingiza katika karakana ya jeshi lao la majini, wakaitengeneza kwa gharama yao, ikarudi kama mpya. Nyinyi mnasema kuuza au kuweka. Kuna kutengeneza.

Kutengeneza ni njia ya tatu kweli, lakini Sultana ilitengenezwa kwa mfuko wa mwenyeji. Mwenye mashua Maskati hulipa mwenyewe, na bei ya kukirudisha chombo kuukuu katika hali njema mara nyingi hupita bei ambayo soko litakitolea baada ya hapo. Rangi mpya huongeza bei kidogo. Injini mpya huongeza zaidi, wala hairudishi fedha yake yote. Tanga jipya, kwa mnunuzi, ni kitu alichotegemea kukikuta.

Chombo kinachozungumzwa zaidi katika habari hii ni Shabab Oman, yaani Vijana wa Omani. Wengi Maskati wamekiona kimepambwa bendera mbele ya Matrah, na wachache wanajua kuwa Omani haikukiunda. Kiliundwa Buckie, Scotland, mwaka 1971, mwili wa mbao, milingoti mitatu, urefu wa mita 52 hivi, kikaitwa Captain Scott, kazi yake kuwafunza vijana bahari. Mwaka 1977 wenyewe wakakiuza. Omani ikakinunua, na mwaka 1979 kikaingia katika jeshi la majini kwa jina la Shabab Oman. Kazi haikubadilika hata kidogo: vijana walipanda milingoti ile ile, wakayafunga matanga yale yale, ila sasa walikuwa vijana wengine. Mwaka 1986 kikaingia New York katika sherehe za miaka mia ya Sanamu ya Uhuru, miaka 146 baada ya Sultana.

KIJANA: Basi ami, ukikisifu Shabab Oman unakisifu chombo kilichouzwa. Wale wa Scotland wangekuwa na moyo wako, sisi tusingekuwa nacho.

NAHODHA: Nakubali. Lakini sisi hatukukiacha mpaka...

KIJANA: Mpaka tulipoleta kingine.

Kingine hicho ni Shabab Oman II. Mwili wake ni wa chuma, uliundwa Galați, Romania, ukamaliziwa Vlissingen, Uholanzi, na chombo kikafika Omani mwaka 2014. Urefu wake ni mita 87, na matanga yake yakifunguliwa yote hupita mita za mraba 2,500. Kila kitu kilibadilika: mbao kwa chuma, mita 52 kwa 87, karakana ya pwani ya Scotland kwa karakana ya Mholanzi. Jina halikubadilika. Baharia anayepelekwa leo kwenye kituo cha jeshi la majini cha Wudam kujifunzia matanga huambiwa anaingia Shabab Oman, na baba yake, kama naye alipitia jeshi hilo, huelewa bila kuelezwa.

Kuhamisha jina ni desturi ya majeshi ya majini duniani kote, wala si ya Omani peke yake. Hata hivyo Nahodha hakuridhika. Kwake, jina lililopakwa juu ya chuma ni sawa na mtoto kupewa jina la babu: ni heshima kwa babu, lakini babu ni yule yule aliyekufa. Jambo alilolisema la maana zaidi lilihusu ufundi. Mwili wa mbao hudai watu wanaojua kalafati, wanaojua kuchagua ubao kwa kuugonga na kuunusa, wanaojua deheni ichanganywe vipi chokaa na mafuta. Chuma hudai mchomeleaji na mpaka rangi. Anayehamia chuma anauza pia kazi za watu ambao hawakuulizwa.

Hoja hiyo ni nzito, na haijibiwi kwa kusema kwamba chuma ni imara. Jibu lake, kama lipo, limo Sur na Qantab, kwenye pwani ya Omani. Mwaka 1980 mafundi waliunda Sur chombo kilichoitwa Sohar kwa ajili ya safari ya msafiri Tim Severin kwenda China. Kilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kama mtepe wa Lamu ulivyoshonwa zamani. Kiliondoka Maskati Novemba 1980, kikafika Canton Julai 1981. Halafu mwaka 2010 Johari ya Maskati, chombo cha mita 18 kilichoshonwa pwani ya Qantab kwa kufuata mabaki ya jahazi la karne ya tisa lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, kilisafiri kutoka Februari mpaka Julai kwenda Singapore. Ufundi wa kushona uliamshwa mara mbili, na mara zote mbili kwa chombo kipya. Hakuna aliyeuamsha kwa kukitunza kikongwe kisisogee.

KIJANA: Na Sohar iko wapi sasa, ami? Iko kwenye mzunguko wa barabara, njia ya Al Bustan. Magari yanaizunguka mchana na usiku.

NAHODHA: Najua iko wapi. Nikipita huwa naangalia upande wa pili.

FUNDI: Chombo juu ya nchi kavu kinataka paa. Jua ndilo linalokiua, si magari.

Johari yenyewe haikurudi. Ilitolewa zawadi kwa Singapore, ikawekwa katika jumba la makumbusho. Ukiihesabu na Liverpool, Omani imetoa vyombo viwili ambavyo mwenye hesabu finyu angelia kuvipoteza. Cha pili kilikuwa kimekwisha maliza kazi ambayo kiliundwa kwa ajili yake, na hiyo ndiyo tofauti yao.

Anayetaka mfano wa upande wa Nahodha atauona Sur, katika Fath al Khair. Hiyo ni ghanja, jahazi la mzigo lenye tezi iliyochongwa, iliyoundwa Sur mwaka 1951, wakati Wasuri bado wakishuka na kaskazi kwenda Unguja na Lamu na tende na samaki wakavu, kisha wakirudi na kusi wamesheheni boriti za mikoko. Biashara ile ilipopungua, nayo ikauzwa, ikaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha, wakainunua, wakairudisha. Leo imewekwa karibu na maji, imepakwa mafuta, watoto wa shule hupelekwa kuiona.

Nahodha huitaja Fath al Khair kama ushahidi kwamba kuuza huleta majuto. Ushahidi huo unakatika pande mbili. Ni kweli Wasuri walijuta, na walilipa. Lakini ilirudi baada ya kuendelea kusafiri kwa wengine, na huenda kusafiri huko ndiko kulikoiweka hai. Ghanja nyingine za enzi yake, ambazo hazikuuzwa bali ziliachwa ufukweni, ziligeuka kuni na mbao za milango. Chombo kinatunzwa na yule anayekitia kazini, awe ni mwenyewe wa kwanza au wa nne. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuuza, na ni ya kuuza mapema, kabla kazi haijakwisha.

Wavuvi walilimaliza suala hili zamani bila mjadala. Kuanzia miaka ya 1970 boti za faiba na injini za nje zilienea pwani yote ya Omani, na shasha za makuti ya mtende za Batina zikawa za maonyesho. Mvuvi alihesabu samaki, akahama. Mjadala ni anasa ya mwenye tanga.

Lakini Kijana asidhani kuwa chombo kipya kina hakika. Hapa Fundi ndiye aliyeshika mifano. Mwaka 2005 Ellen MacArthur wa Uingereza aliizunguka dunia peke yake kwa siku 71 na saa 14, akivunja rekodi, katika chombo cha matumbo matatu: ngalawa na ndubi zake mbili, tuseme, ila ya mita 23 na ya faiba ngumu. Chombo hicho kikauzwa. Walionunua ni shirika la Oman Sail, wakakiita Musandam. Mwanzoni mwa 2009 Mohsin Al Busaidi na wenzake wakaondoka nacho Maskati, wakaizunguka dunia bila kutia nanga, wakarudi baada ya siku 76, naye akawa Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo. Chombo cha mkono wa pili, na mzunguko wa pili wa dunia.

Baada ya hapo wakahamia kikubwa zaidi, kipya, kilichoundwa Salalah, mita 32, jina Majan. Novemba 2010, katika mashindano ya Route du Rhum kutoka Saint-Malo, kikavunjika katika Atlantiki, na nahodha wake Sidney Gavignet akaokolewa na meli.

FUNDI: Kikuukuu kilikuwa kimekwisha onyesha kila ufa kiliokuwa nao. Kipya kinauficha mpaka utakapokuwa katikati ya bahari.

KIJANA: Na baada ya kile kuvunjika walirudi kwenye kikuukuu?

FUNDI: Hawakurudi. Walitafuta kingine, mwaka 2012, wakakiita Musandam tena.

Kwa mtu binafsi somo la habari hii ni la kifundi tu: anayetaka kuhama ahamie kwenye chombo chenye historia inayojulikana, na akikague kama atakavyokaguliwa chake. Fundi alipopanda mashua ya Kijana alianza chini, baada ya kuivuta nchi kavu na kukwangua kome. Aligonga faiba kwa nyundo ya mpira, hatua kwa hatua, kutoka omo kwenda tezi. Mlio mkavu ni wa faiba nzima. Karibu na mkuku mlio ukawa mzito, kama kugonga gunia lenye maji. Akaweka alama ya chaki. Kisha akatafuta malengelenge, akapata manne, ukubwa wa kucha. Akashika bolti za mkuku, akaona kutu kwenye mbili. Akapanda mlingoti na kuangalia waya zinazoushika, nyuzi moja moja, pale zinapoingia kwenye vishikizo, kwa sababu waya wa chuma kisichoshika kutu hukatika hapo bila kuonya. Makampuni mengi ya bima hutaka waya hizo zibadilishwe kila miaka kumi hivi. Za Kijana zilikuwa na kumi na nne. Mwisho akalivuta tanga kwa vidole viwili. Likatoa sauti ya karatasi.

FUNDI: Hili usilitaje kwenye tangazo. Akiuliza, mwambie kweli. Malengelenge mwambie kabla hajauliza.

Juu ya bei, Nahodha na Kijana walikosana zaidi kuliko juu ya historia. Nahodha aliihesabu mashua kwa fedha zote zilizoingia humo kwa miaka kumi. Mnunuzi hahesabu hivyo. Huhesabu kazi iliyobaki, huangalia nyingine mbili tatu za umri huo zilizofungwa jirani na zile za Dubai, akatoa gharama ya waya, tanga na bolti. Bei iliyobaki ndiyo bei. Muuzaji anayeikataa mwezi wa Machi huikubali mwezi wa Septemba ikiwa imepungua, akiwa amelipa kodi ya gati miezi sita na jua limeongeza kazi yake.

Msimu pia una neno. Miezi mizuri ya kuonyesha chombo Maskati ni ya Oktoba mpaka Aprili, watu wakitoka baharini bila kuungua na upepo ukiwa wa kuaminika. Juni hakuna anayetaka kusimama kwenye faiba inayochoma nyayo. Juni vilevile ndio mwezi wa Gonu, kimbunga cha mwaka 2007 kilichoipiga Maskati na kuvunja mengi, na kingine, Shaheen, kilipiga mwanzoni mwa Oktoba 2021. Mwenye vyombo viwili siku kama hizo ana wasiwasi mara mbili na bima mara mbili.

Ndiyo sababu ushauri wa kuuza kwanza ndipo ununue una nguvu kuliko wa kinyume chake. Aliyenunua kwanza huwa na gati mbili za kulipia, na dalali akijua hivyo humsubiri tu achoke. Kasoro ya kuuza kwanza ni kukaa msimu bila chombo, jambo ambalo Kijana aliliona kubwa na Nahodha, kwa mshangao wa wote, akaliona dogo. Alisema mwenye chombo akiwa hana chombo hupata nafasi ya kusafiri kwenye vya watu, na huko ndiko anakojua anachokitaka.

Ikiwa kipya kinatoka nje ya nchi za Ghuba, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 5, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5 nyingine, iliyoanza Omani Aprili 2021. Hesabu hiyo iingie kabla ya kumpa mkono mwenye chombo. Kwa kinachouzwa, hati ya umiliki na bima ziwe na jina moja, deni la gati liwe limelipwa, na jina la muuzaji lifutwe katika usajili siku ile ile mnunuzi anapochukua ufunguo, la sivyo chombo kikigonga mtu mwezi ujao, polisi watabisha mlango wa zamani. Jina la mashua ni jambo jingine: mnunuzi akitaka lake, hulipaka lake.

KIJANA: Jina nitakwenda nalo, ami. Nitaliandika kwenye ile nyingine.

NAHODHA: Na dira?

KIJANA: Dira ni ya mashua. Iko kwenye orodha ya vifaa.

NAHODHA: Dira ile niliitia mimi. Ilikuwa kwangu kabla hujazaliwa. Ifute kwenye orodha.

Orodha ikaandikwa upya, bila dira. Fundi akafungua skrubu zake nne, akamkabidhi Nahodha dira imefungwa kwa taulo, kisha akaziba matundu kwa faiba na kuyapaka rangi nyeupe, yakauke kabla mnunuzi hajaja Alhamisi.